Zizi la Watu Hamsini na Watatu

Kwa usafi wa hewa hakuna aliyemfikia Tusekile Mwasomola katika Nyanda za Juu zote, na usidhani ni maneno ya majirani. Yalikuwa yamebandikwa njia panda. Ubao mkubwa wa Kampuni ya Ndembo ulimwonyesha ameketi jikoni kwake, anatabasamu, mkono wa kushoto ameuinua kidogo ili kikuku kionekane, na chini yake maneno: HEWA SAFI INAANZIA JIKONI KWAKO. Mpiga picha alirudia mara kumi na nne kulipata lile tabasamu. Tusekile si mtu wa kuchekacheka.

Asubuhi hiyo ya Juni alioga maji baridi kama kawaida yake, akatoka bafuni meno yakigongana. Juni ya Itekele haina masihara, ukungu unaingia mpaka kwenye sufuria. Mtu mwingine angewasha kuni mbili tatu akaoga kama binadamu. Yeye alikuwa na miaka tisa hajaonja maji ya moto mgongoni, na kila alipojimwagia kata ya kwanza alijisikia fahari fulani ambayo, tuseme ukweli, ilimpasha moto kuliko kuni.

Fahari yenyewe ilikaa mkononi. Kila raia wa Shirikisho aliyefikisha miaka saba alivishwa kikuku, na kikuku kilikuwa na pua. Ukikaa karibu na kuni, kinanusa na kuhesabu. Ukiwasha taa kinahesabu, ukipanda gari kinahesabu. Jioni hupeleka serikalini hesabu yake na mahali kiliposhinda, na kukicha kinaamka na rangi. Mwenye nyumba akiwa kijani, nyumba yake hupata umeme saa zote ishirini na nne. Akiwa manjano, saa kumi na mbili. Akiwa mwekundu, saa nne tu, tena za kupangiwa. Wala huwezi kukivua ukakiweka kabatini, kwa sababu kinataka joto la mwili na mapigo ya moyo. Kikivikosa dakika kumi kinapiga yowe na kutaja jina lako mbele za watu.

Tusekile aliingia chumbani kwa mama mkwe wake kumjulia hali. Bibi Subilaga alikuwa na miaka sabini na moja, na mapafu ya mtu wa miaka mia mbili. Alikuwa amechekecha makaa ya mawe pale Ndembo kwa miaka kumi na moja, kabla mashine hazijachukua kazi hiyo, na vumbi lile hakuliacha getini. Sasa aliishi kwa mashine ndogo iliyokaa kando ya kitanda. Pampu yake huvuta hewa ya chumbani na kuisukuma kwa nguvu kupitia chembechembe nyeupe zinazonasa naitrojeni, kisha oksijeni hupita kwenye mrija mpaka puani. Umeme ukikatika, betri yake husukuma nusu saa, halafu basi. Kwa hiyo ile rangi ya kijani haikuwa pambo. Ndiyo iliyokuwa pumzi ya bibi.

Alikuwa bado anamtengenezea bibi mto mgongoni, ndipo Gwamaka akabisha hodi.

Gwamaka Mwansasu alizaliwa Itekele, rika moja na marehemu Lugano, mume wa Tusekile. Siku hizi alikuwa msemaji wa Kampuni ya Ndembo, iliyochoma makaa na kuuza umeme Nyanda zote. Ubao wa njia panda ulikuwa wazo lake. Alivaa suti ya kijivu na viatu vilivyokanyaga tope kwa tahadhari, na hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyezoea kupendwa. Aliweka jalada nene mezani na kueleza shida yake. Kamati ya Nishati ya Baraza la Shirikisho ingeketi Tukuyu siku ya Alhamisi kusikiliza wananchi juu ya Mswada wa Chanzo. Mswada huo ulitaka vipimo vya moshi vitolewe mikononi mwa watu vikafungwe kwenye mabomba ya viwanda, Ndembo ifungwe ndani ya miaka mitatu, na umeme utoke kwenye mvuke wa moto uliojaa chini ya milima yao. Siku mswada ungepita, kila kikuku kingekatwa.

“Wajumbe wako nusu kwa nusu,” alisema. “Wanachotaka ni kusikia kama vikuku vimefaa. Ukisimama wewe ukasema vimefaa, sentensi moja tu, dada Tuse, mswada unalala.”

Tusekile alikubali papo hapo. Hakuhongwa wala kutishwa. Aliamini. Kwa miaka yote ile aliwaona wanaodai sheria kama watu wavivu wa kuoga maji baridi, wanaotaka serikali iwaogeshe.

*

Kosa la Gwamaka lilikuwa kusahau jalada mezani. Tusekile alikuwa na ugonjwa wa kusoma. Alisoma mifuko ya mbolea, alisoma makaratasi ya dawa mpaka jina la mchapishaji, na hakuna karatasi iliyowahi kulala nyumbani mwake bila kusomwa. Alimaliza mswada wote kabla ya chai, akaingia kwenye viambatanisho, na hapo, kwenye Jedwali la Tatu, akakwama.

Jedwali lilikuwa la wataalamu wa kampuni yenyewe. Lilisema bomba la Ndembo hutoa moshi kiasi gani kwa saa. Chini yake palikuwa na moshi wa mtu mmoja wa kijijini kwa mwaka, asiyevaa kikuku, anayechoma kuni apendavyo. Tusekile alichukua kalamu. Itekele ina watu mia tisa. Akazidisha, akagawanya, akaona amekosea, akarudia. Jibu likawa lile lile. Moshi wa Ndembo wa asubuhi moja, tangu watu waamke mpaka saa sita mchana, ulitosha kuwa moshi wa Itekele nzima kwa miaka kumi na moja.

Kwanza aliona aibu, kama mtu aliyegundua kuwa alikuwa akichekwa kwa miaka na yeye hajui. Kisha aibu ikaondoka, hasira ikachukua kiti chake na kukaa.

Tena kulikuwa na jambo la Shangazi, na hilo alilijua siku nyingi.

Shangazi alikuwa ng'ombe wake wa maziwa, mnene, mwenye dharau. Mavi yake yote yaliingia kwenye mtambo wa gesi iliyopikia chakula cha nyumba, na zizi lake lilikuwa mahali penye hewa safi kuliko sebule nyingi. Sasa, misiba ya Itekele haipikwi kwa gesi ya ng'ombe mmoja. Mtu akifa watu huja kwa mamia na kukaa siku tatu nne, ng'ombe huchinjwa, na masufuria makubwa ya kutosha kuogeshea mtoto huinjikwa juu ya mafiga. Vikuku vilipoanza, mama aliyepika msibani alirudi kwake mwekundu kama pilipili na kukaa gizani wiki sita. Watu wakaanza kuugua ghafla kila waliposikia mtu amefariki. Mzee Mwaikuju, aliyezika nusu ya kata, alizikwa na watu kumi na wawili, na uji wa waliobaki ukapikwa kwa majirani wa kijiji kingine. Aibu ile Itekele haikuisahau.

Ndipo Nsekela, jirani wa Tusekile anayetotolesha vifaranga kwa mashine ya umeme, akagundua kitu. Siku moja akimsaidia Tusekile kukamua, kikuku kilichomlegea kilimponyoka kikanasa kwenye kamba ya shingo ya Shangazi, na dakika kumi zikapita kimya. Joto lipo, mapigo ya moyo yapo, kikuku kimeridhika. Wataalamu waliokibuni hawakuwahi kufikiria ng'ombe. Tangu hapo kila msiba ulipotokea akina mama walipitia zizini, wakamfunga Shangazi vikuku vyao shingoni na tumboni kwa kamba mbili, wakaenda kupika kwa amani. Shangazi alicheua tu.

Tusekile hakuwahi kuvua chake. Wala hakumshtaki mtu. Alitazama pembeni, akajiambia kuwa yeye ni msafi wa kweli na wale ni majirani. Serikalini nako hakuna aliyechunguza, maana wakubwa walitazama rangi, na rangi ilikuwa kijani. Kwa hiyo kile kijiji ambacho Kampuni ilikitembeza kila mkutano kama ushahidi kilikuwa, kwa sehemu kubwa, ng'ombe.

*

Bibi Subilaga alikuwa amekula ndizi zake na kusukuma sahani pembeni wakati Tusekile alipomweleza yote, jedwali na zizi. Halafu akamsomea kifungu cha kumi na nne cha Sheria ya Vikuku, kwa sababu hicho nacho alikuwa amekisoma: kikuku kikikutwa kimehamishwa, mwenye kosa ni mwenye eneo kilipokutwa, na adhabu yake ni siku tisini za rangi nyekundu. Umeme ungekuwa unakuja saa kumi na mbili jioni na kuondoka saa nne. Zile saa ishirini nyingine, betri ni nusu saa.

“Kwa hiyo nikisema ukweli, mama, wewe unakufa. Nikisema sentensi ya Gwamaka, unaishi, na bomba linaishi. Nimeamua nitasema nimeugua, nisiende kabisa.”

Bibi alivuta pumzi za kuongelea. Alikuwa na desturi ya kuzikusanya kwanza, kisha kuzitumia zote kwa mkupuo.

“Mkamwana, mimi nilichekecha makaa miaka kumi na moja,” alisema. “Jioni nikitema mate, meusi. Wakaja wakanivika kikuku, wakaniambia nipunguze moshi. Mimi. Nimesubiri mtu mmoja tu aniulize lile bomba limevaa nini. Hakuuliza mtu.” Akakusanya tena. “Sasa wewe wamekuita waziwazi, mbele ya wakubwa, wakupe na kipaza sauti, halafu unataka kuugua kwa sababu yangu? Usinifanye mimi kisingizio. Nikifa kwa ukweli wako nimekufa kwa makaa, siyo kwa mkono wako. Hilo ulijue.”

“Mimi nitaishije na hilo?”

“Vibaya,” alisema bibi. “Lakini utaishi. Niletee chai.”

Chai yenyewe Tusekile aliimimina akilia, na hakuona haya.

Kesho yake, kwenye kituo cha maziwa, Nsekela alimvuta pembeni. Alikuwa amesikia, kwa jinsi Itekele inavyosikia. Aliuliza kama majina yao yatatajwa, na Tusekile akamjibu kuwa kwa sheria hayahitajiki, mwenye zizi anatosha. Nsekela alimsihi asiende, akisema sheria zimekuja nyingi na zimeondoka, bibi ni mmoja. Tusekile alipima maziwa yake, akasaini, akaenda kupiga pasi gauni.

*

Ukumbi wa Tukuyu ulijaa. Mwenyekiti wa Kamati alikuwa Mheshimiwa Kihwele, mama mmoja mfupi aliyetazama watu juu ya miwani. Gwamaka alikaa safu ya mbele, mguu juu ya mguu, na Tusekile alipoitwa alimpigia makofi kabla hajafungua kinywa.

Tusekile alikishika kipaza sauti kwa mikono miwili. Alisema jina lake na kijiji chake, akashukuru kualikwa. Kisha akaomba karani afungue kumbukumbu za vikuku vya Itekele za Machi, tarehe tisa mpaka kumi na mbili, siku za msiba wa mama Mwakipesile, na aoneshe wenye vikuku walikuwa wapi.

Karani aligusa kioo chake. Ramani ya Itekele ikatokea ukutani, na vidoti vya kijani vikajitokeza, vyote vimerundikana pamoja kama kunguni kwenye pembe ya kitanda.

“Ni watu hamsini na watatu,” karani alisema, akasogeza uso karibu. “Wako sehemu moja. Hatua nne kwa hatua tatu. Wamekaa humo siku tatu, hawajatoka.”

“Hapo ni zizini kwangu,” alisema Tusekile. “Huyo ni ng'ombe.”

Ukumbi ulicheka mpaka askari wa mlangoni akaegemea ukuta. Mjumbe mmoja alitaka kujua kama ng'ombe huyo amewahi kupewa cheti cha usafi, na Tusekile akasema hapana, ila amestahili kuliko wengi. Alieleza yote, jinsi ilivyoanza na kwa nini, na jinsi watu walivyofika mahali pa kuchagua kati ya taa na kumzika mwenzao. Gwamaka alikuwa ameshusha mguu. Mwanasheria wa Kampuni alisimama na kutaka majina ya wenye vikuku wote. Tusekile akamsomea kifungu cha kumi na nne bila kutazama karatasi. Zizi ni lake, akasema, na kosa ni lake, waandike jina moja.

Mwenyekiti akamuuliza kama ana la kuongeza. Hakuwa amepanga kuongeza. Jambo lililofuata hakuwa amewahi kumwambia mtu, hata bibi.

“Mwaka wa tano wa kijani changu mume wangu alikuwa anaumwa, na hakupona. Wiki ya mwisho aliniomba maji ya moto aoge. Gesi iliisha kabla maji hayajapata moto. Kuni zilikuwepo, Mheshimiwa, zimepangwa ukutani. Nikaangalia kikuku. Nikampa maji ya vuguvugu, nikamwambia yanatosha, akasema asante.” Akageukia safu ya mbele. “Nilijiambia nafanya hivyo kwa ajili ya hewa ya watoto wa watu. Sasa nimesoma Jedwali la Tatu. Nilimnyima mume wangu maji ya moto ili bomba lile lipumue vizuri. Mimi sikatai usafi, nitaendelea na gesi yangu ya ng'ombe mpaka nife. Lakini nimemaliza kuoga baridi kwa niaba ya bomba. Nataka sheria. Ifungeni Ndembo, mchimbe mvuke, na kipimo mkakifunge kule moshi unakotoka.”

Mheshimiwa Kihwele alivua miwani, akaifuta, akairudisha. Jioni Kamati ilipiga kura, sita kwa watano, mswada uende Barazani kupigiwa kura ya mwisho baada ya siku arobaini, ushahidi wa Tusekile ukiwa umeambatanishwa.

Kabla hajafika nyumbani kikuku chake kilikuwa chekundu.

*

Aliposhuka njia panda saa tano usiku, saa za umeme zikiwa zimekwisha, mbio zake zilikuwa za mwizi. Alikuta mlango wa nyumba uko wazi na watu sebuleni. Akajua amechelewa, na akaanza kujifunga khanga kiunoni kwa kilio.

Kilichokuwa kinasikika ndani kilikuwa mnyororo wa baiskeli.

Baiskeli ilisimamishwa kwenye vyuma pembeni ya kitanda, gurudumu la nyuma limeondolewa, mnyororo wake umefungwa kwenye pampu ya mashine ya bibi. Nsekela ndiye aliyekuwa juu ya kiti, gauni limepandishwa magotini, jasho linamtiririka. Alikuwa amesikiliza kikao redioni. Ile sentensi ya kuandika jina moja ilipotoka, alizima mashine zake za vifaranga, akamchukua Ambakisye, fundi wa baiskeli, na vifaa vyake, na kazi ikaisha dakika nane baada ya betri kuanza kulia. Hakueleza mengi. Alisema tu kwamba watu hamsini na watatu hawawezi kusitiriwa na mtu mmoja halafu wakalala.

Wakapanga zamu za nusu saa, kama wanavyopanga msibani nani achote maji na nani amenye ndizi. Usiku na mchana. Karatasi ya majina ikabandikwa mlangoni. Walikuja wale hamsini na watatu, halafu waume zao, halafu watu ambao hawakuwahi hata kumjua Shangazi. Bibi Subilaga alilalamika tangu siku ya kwanza. Alisema wamekuja kumlilia kabla hajafa, na wamekuja bila ng'ombe wa kuchinja.

Maneno yake yalikuwa mazuri kuliko hali yake. Mpanda baiskeli mmoja akilegea, pumzi zinalegea. Alfajiri ya siku ya kumi na mbili baba mmoja alisinzia juu ya usukani, na asubuhi kucha za bibi zilikuwa na rangi ya zambarau. Tusekile alizisugua kati ya viganja vyake. Siku ishirini na nane zilikuwa bado kabla ya kura ya Baraza. Alihesabu zamu, akahesabu miguu, akaona kuwa hesabu hii, tofauti na ile ya jedwali, haikubali.

Ndiyo saa aliyoichagua Gwamaka kuja.

Alisimama mlangoni na suti yake, akasalimia. Alisema amekuja kama ndugu, na huenda ni kweli. Alitoa karatasi moja. Ilisema kuwa Tusekile Mwasomola anafuta ushahidi alioutoa Tukuyu, kwa kuwa alikuwa amechanganyikiwa kwa uchovu wa kuuguza. Ushahidi uliofutwa na shahidi mwenyewe hausomwi Barazani. Akisaini, kosa linafutwa pia, na umeme unarudi leo hii kabla ya saa sita.

“Mswada mwingine utakuja, dada Tuse,” alisema kwa upole. “Mama mwingine hatakuja.”

Tusekile aliipokea karatasi. Aliisoma yote, mpaka jina la mchapishaji. Tuseme ukweli hapa pia: alitafuta kalamu. Aliitafuta mezani, akaipata, akaishika. Mbele yake zilikuwa zile kucha. Alimtazama bibi, naye bibi alikuwa amefumba macho, hamsaidii, kwa sababu alishasema lake na hakuwa mtu wa kurudia.

Juu ya baiskeli, mke wa fundi Ambakisye alikuwa anamalizia zamu yake, miguu inatetemeka. Wa zamu ya saa nne alikuwa hajafika. Mnyororo ulianza kuvuta taratibu, na mrija puani kwa bibi ukaanza kupiga filimbi nyembamba.

“Gwamaka,” bibi alisema bila kufumbua macho. “Mlikuwa wangapi kwenye kundi lenu na Lugano?”

“Tisa, mama.”

“Mlipokuwa wadogo mlikuja kula hapa siku zipi?”

“Jumatano na Jumamosi.” Sauti yake ilikuwa imeshuka. “Mama, mimi nimetumwa tu.”

Bibi alikusanya pumzi kutosha kujibu, na hazikutosha. Kifua kilipanda, kikakwama. Mke wa fundi alishuka akiyumba, na pampu ikasimama.

“Panda,” alisema Tusekile.

Gwamaka alitazama baiskeli, akatazama karatasi mkononi mwa Tusekile.

“Ukisaini sasa hivi napiga simu, umeme—”

“Simu itachukua saa mbili. Yeye ana dakika mbili. Panda.”

Alipanda. Alipanda na koti na viatu vyake vya kuogopa tope, tai ikamning'inia juu ya usukani, na mara ya kwanza mguu ukateleza. Mara ya pili ukashika. Mnyororo ukalia, pampu ikakohoa, ikakohoa tena, ikakubali. Aligandamiza kwa uzito wake wote, akitazama uso wa yule mama aliyemlisha Jumatano na Jumamosi, na hakuna aliyemwambia aongeze kasi, aliongeza mwenyewe. Kifua cha bibi kilishuka, kikapanda, kikashuka.

Tusekile alisubiri mpaka kucha zilipoanza kurudia rangi yake. Ndipo alipoigeuza ile karatasi. Nyuma ilikuwa nyeupe, safi, karatasi nzuri nzito ya ofisini. Akaiweka mezani, akapiga mistari kwa kalamu ile ile, siku ya kumi na tatu mpaka siku ya arobaini, nusu saa kwa nusu saa, maana ile ya mlangoni ilikuwa imejaa. Hesabu ilikataa bado. Kulikuwa na nafasi nyingi tupu, na alijua kuwa atazunguka kijiji kwa kijiji kuzijaza, hodi kwa hodi, na penye kukosekana mtu ataandika jina lake mwenyewe.

Kwenye zamu ya kwanza ya saa nne aliandika: Gwamaka Mwansasu.

“Jumatano na Jumamosi zinakufaa?” alimuuliza.

Gwamaka hakuwa na pumzi ya kujibu. Aliendelea kukanyaga.